Umemwogesha paka, viroboto wamerudi: tafuta hapa kosa liko wapi

Mwaka juzi nilirudi nyumbani Chake Chake baada ya wiki tatu Unguja, nilikwenda arusini. Paka wangu Kidoti nilimwacha kwa dada yangu Machomane, na nyumba ilikuwa imefungwa, haina mtu wala mnyama. Nikafungua mlango, nikatua mkoba, nikapita ukumbini peku. Sijafika jikoni nikahisi vichomi miguuni. Kuangalia chini, vifundo vyote viwili vimejaa vitone vyeusi, na vitone vinaruka. Nyumba iliyokaa wiki tatu bila paka ilikuwa na viroboto wengi kuliko siku niliyoondoka.

Ndipo nilipofahamu kwamba miaka yote ile nilikuwa namuonea paka bure. Kila nikiona kiroboto, namkamata yeye, namtia majini, tunakwaruzana, na mwenye makosa yuko chini ya jamvi ananisubiri.

Toka hapo majirani wakipata matatizo huniletea mimi, na malalamiko yao yanafanana. Nimeyapanga hapa kama wanavyoyasema wenyewe. Soma lile linalokuhusu, lakini la pili lisome hata kama unadhani halikuhusu.

"Anajikuna kutwa, lakini sioni kiroboto hata mmoja"

Si kila mkuno ni kiroboto. Tandaza karatasi nyeupe au kitambaa cheupe, kirowanishe kidogo, muweke paka juu yake. Mchane kwa chanuo la chawa, lile la meno ya karibu karibu, kuanzia kiunoni kwenda shina la mkia, kisha chini ya shingo. Zitaanguka chembe nyeusi mfano wa unga wa kahawa. Ziache dakika moja kwenye ule umajimaji. Zikitoa wekundu wa kutu, hiyo ni damu ya paka iliyokwisha kupita tumboni mwa kiroboto: ni kinyesi chake, na kiroboto yupo hata kama humwoni. Zikibaki nyeusi vile vile, ni vumbi tu la uani.

Sababu ya kutomwona ni kwamba paka hujilamba, na akijilamba huwameza wengi. Paka msafi sana anaweza kuwa na kinyesi tele mwilini na viroboto wawili tu.

Mwenyewe ukimwona utamjua: rangi ya tende, bapa ubavuni, kiasi cha milimita 2 au 3, anapenya baina ya manyoya kwa mbio na ukimbana kwa kidole anateleza. Chawa hutembea taratibu na mayai yake yameganda kwenye unywele. Kupe kang'ang'ania pahala pamoja, kavimba. Ukurutu wa paka huanzia aghalabu masikioni na usoni, ngozi ikafanya magaga. Na uchafu mweusi ulio ndani ya tundu la sikio, paka akawa anatikisa kichwa kila saa, huo ni utitiri wa masikio, una dawa yake mbali. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

"Nimemwogesha Ijumaa, Jumatatu wamejaa tena"

Hili ndilo lenyewe.

Kiroboto jike akishapanda juu ya paka na kunyonya, ndani ya siku mbili huanza kutaga, na akikolea anaweza kufikia mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai yale hayagandi kwenye manyoya. Ni meupe, yanateleza, kila moja nusu milimita, na yanadondoka popote paka apitapo: kitandani, juu ya mkeka, barazani, kwenye mto wa kochi. Paka mwenye viroboto ni kama mtu aliyebeba gunia la mchele lililotoboka. Ukitaka kujua kapita wapi, fuata punje.

Yai linaanguliwa kwa siku chache, anatoka buu mfano wa kipande cha uzi mweupe, hana miguu. Buu anachukia mwanga. Anajichimbia kwenye nyufa za sementi, ndani ya ukili wa mkeka, nyuma ya miguu ya kabati, na chakula chake kikubwa ni kile kinyesi cheusi kinachodondoka pamoja na mayai. Akishiba na kukua anajifungia ndani ya kifuko cha nyuzi chenye kunata. Kifuko kinashika mchanga na vumbi mpaka huwezi kukitambua, na humo ndimo anamogeuka kiroboto kamili. Kwa joto letu na hewa yetu ya baharini, safari hii yote inaweza kumalizika kwa wiki mbili hadi nne. Buu anapoteza maji haraka hewa ikiwa kavu, na huko bara mbali, kwenye nchi kavu, ukame wenyewe unawapunguza. Kwetu visiwani hatuna bahati hiyo.

Wataalamu wanakadiria kwamba katika kila viroboto 100 wa nyumba moja, ukihesabu mayai, mabuu na vifuko, watano tu ndio walioko juu ya mnyama. Ukimwogesha paka Ijumaa umewapata hao watano. Wale 95 wako nyumbani.

Kwa hiyo anza kwa kutafuta paka analala wapi, na usijijibu kwa kukisia. Mwandame siku mbili. Mimi ningeapa kuwa Kidoti analala kitini. Kumbe kila adhuhuri alikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha akiba, juu ya majamvi yaliyokunjwa ambayo tunayatoa siku ya hitma au maulidi tu. Nilipoyakunjua nikakuta kwenye mkunjo kama mtu kamwaga chumvi na pilipili manga pamoja: mayai na kinyesi. Nikagusa kwa kidole kilichorowa, kikatoka chekundu.

Vyote vinavyofulika vifue kwa maji ya moto: foronya, shuka, kile kitambaa anachokilalia. Mikeka, majamvi, mito na godoro la sufi toa nje saa nne asubuhi jua likikolea, vipige kwa fimbo mbali na nyumba, vianike mpaka alasiri, na katikati uvigeuze upande wa pili. Mabuu hayahimili jua kali. Wakati wa masika, jua likiwa la kubahatisha, usifanye nusu nusu. Ngoja siku ya jua kweli, maana kuanika mkeka kwenye mawingu ni kuwatembeza viroboto hewani.

Sakafu ya sementi ni rahisi. Fagia nyufa na pembe kila siku kwa wiki mbili, sogeza kabati na kitanda, kisha mimina maji yanayochemka kwenye nyufa. Taka usizimwage uani, kwani umewahamisha tu. Zitie mfukoni ufunge, au zichome. Mwenye mashine ya kufyonza vumbi aitumie, lakini mfuko wake autoe siku ile ile.

Sakafu ya udongo inataka maarifa zaidi. Sisi tumezoea kunyunyiza maji kabla ya kufagia ili vumbi lisitimke, na bibi zetu walitufunza hivyo kwa nia njema. Tatizo ni kwamba unyevu ule ndio uhai wa buu. Kwa muda wa shughuli hii fagia kukavu, jifunge kitambaa puani, kwangua udongo wa juu kwenye zile pembe paka anazolala, na pajaze mchanga uliokwisha kukaa juani siku mbili. Maji ya moto usimwage hapo kabisa. Yatapoa na kuacha tope.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina shida yao. Chokaa inameguka, kuta zinavuta maji kutoka chini, na chini ya ngazi hapapati jua hata siku moja ya mwaka. Hapo jua na fagio havitoshi, unahitaji dawa ya kupuliza. Tafuta ile yenye mambo mawili ndani: sumu ya kuua wakubwa, na dawa ya kuzuia mayai na mabuu yasikue, kama piriproksifeni au methoprini. Dawa ya mende ya kopo huua anayeruka mbele yako na huishia hapo. Dawa yoyote utakayopuliza, paka atoke, na asirudi mpaka pakauke.

"Nimepuliza nyumba nzima, siku ya kumi wamezidi"

Hapa watu wengi huona dawa ni feki, wakarudi dukani kugombana. Pengine ni feki kweli, lakini aghalabu siyo.

Kile kifuko hakipenyeki. Dawa ya kupuliza haiingii, na hata ile ya kuzuia mayai haimgusi aliyekwisha kujifungia. Tena aliyemo ndani ameshakuwa kiroboto kamili, anangoja. Anaweza kungoja wiki, hata miezi, mpaka apate ishara kwamba kuna mwenye damu karibu: mtikisiko wa nyayo, joto la mwili, pumzi. Akiipata, anatoka mara moja.

Ndiyo siri ya ukumbi wangu baada ya arusi. Kwa wiki tatu mayai yaliendelea kuanguliwa, mabuu yakala yaliyokuwepo, yakajifunga, na hapakuwa na mtu wa kuyaamsha. Hatua zangu za kwanza zikawa adhana yao.

Kwa hiyo wiki mbili tatu baada ya kupuliza, kuona viroboto wapya ni kawaida. Usiongeze dawa juu ya dawa. Fanya kinyume na moyo unavyotaka: waamshe. Fagia kila siku, tembea, watoto wacha wacheze ukumbini na viatu. Na paka, maadamu ameshatiwa dawa sawasawa, mrudishe ndani. Wanaotoka kwenye vifuko watamrukia yeye, watakufa kabla hawajataga. Watu humfungia paka nje kwa hasira, basi viroboto wanabaki na nani? Na wewe.

Nyumba iliyofungwa siku nyingi usiingie peku na mabegi na watoto. Atangulie mtu mmoja, suruali imeingizwa ndani ya soksi, apite vyumba vyote kwa kishindo, afagie, apulize, ndipo familia ifuate. Na usiku weka sahani pana sakafuni yenye maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, taa ndogo juu yake. Wanaruka kufuata mwanga na joto, wanaangukia majini, na sabuni inawazamisha. Sahani haimalizi viroboto. Inakuhesabia tu, asubuhi ukajua chumba gani kibaya zaidi.

"Nimemtia matone shingoni, hayajafanya kazi"

Kabla ya kuilaumu dawa, jiulize ulivyoitia. Ile ya kijichupa, kama fipronili au imidaklopridi, inatakiwa igusane na ngozi. Utenge manyoya kwa vidole mpaka uione ngozi nyeupe, pale chini ya fuvu ambapo ulimi haufiki, umimine papo hapo. Wengi huimimina juu ya manyoya, paka anajikung'uta, dawa inaishia ukutani. Jengine: usimwogeshe siku mbili kabla wala siku mbili baada. Jengine tena: kijichupa kimoja cha paka si cha kugawa kwa paka watatu. Nalijua hilo kwa sababu nimelifanya, hela zikiwa chache, na matokeo yake paka watatu wote waliendelea kujikuna.

Kisha kuna kurudia. Dawa nyingi za aina hii ni za mwezi mmoja, na vifuko nyumbani vinazidi mwezi. Ukitia mara moja ukaacha, umeanza upya. Hesabu miezi mitatu mfululizo, na wanyama wote wa nyumba siku moja. Paka wa jirani anayekuja kula vichwa vya samaki mlangoni kwako naye ni wa nyumba, upende usipende. Zungumza na jirani, mchangie dawa. Ikishindikana, sogeza chakula mbali na mlango, asipate sababu ya kulala barazani.

"Nimempaka dawa, sasa anatetemeka"

Acha kusoma, fanya hivi kwanza: muoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, uitoe dawa yote mwilini, mkaushe, mfunge kwenye kanga apate joto, umkimbize kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa wala mafuta.

Kidoti alikuwa na mwenziwe, Shombe, jike la manjano. Nilinunua dawa ya matone kwenye duka moja hapa mjini. Ilikuwa ya mbwa. Kijana wa dukani akaniambia, "Mama, dawa ni ile ile, mtie nusu tu." Nikamtia nusu baada ya Alasiri. Maghrib nikaona sikio lake moja linacheza peke yake, kama linafukuza nzi, na nzi hakuna. Isha mwili mzima ulikuwa unatetemeka, udenda unamchuruzika, na kila nikigusa mlango anashtuka kama kapigwa. Tulimuosha mara mbili kwenye beseni, mume wangu ameshika taa. Alilala kwa daktari siku mbili. Alipona, lakini mpaka leo akiiona beseni anapanda kabatini.

Dawa ile ilikuwa na permethrini. Ini la mbwa linaivunja bila taabu. Ini la paka halina uwezo huo, kwa hiyo inabaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Nusu ya dozi ya mbwa ni sumu kamili kwa paka. Soma chupa: jina lolote linaloishia na herufi t-h-r-i-n, zikiwemo zile za kuogeshea ng'ombe na mbuzi kupe, lisiguse paka. Amitrazi, inayotumika pia kwenye maji ya kuogeshea mifugo, nayo vile vile. Na ukimtia mbwa dawa yenye permethrini, mtenge na paka mpaka ikauke, maana kuna paka wanaolala wamemwegemea mbwa wa nyumba.

Chupa isiyo na maandishi, iliyopimwa kwenye kichupa cha maji ya kunywa, usiinunue hata ikiwa rahisi vipi.

Karafuu, thomu, mafuta ya taa na mengineyo

Wapemba wenzangu watanisamehe, lakini mafuta ya karafuu si dawa ya paka. Tuna kiwanda Wawi kinachokamua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, mafuta yake yanapatikana kwa urahisi, na harufu yake inafukuza wadudu kweli. Ila kiungo chake kikuu, yujinoli, ni katika vile vile ambavyo ini la paka halivimudu. Hata ukimpaka kidogo, atajilamba na kukimeza chote. Tumia kwenye kabati la nguo ukipenda. Kwa paka usitie.

Kitunguu thomu kinavunja chembe nyekundu za damu ya paka, na paka mwenye viroboto damu yake tayari imepungua. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na akiyalamba yanaweza kuingia mapafuni. Chokaa ya unga inababua nyayo na macho. Chumvi ya kumwaga sakafuni inasifiwa sana huko kwenye hewa kavu. Hapa kwetu chumvi inavuta unyevu, siku ya pili ni majimaji, na umeshajua buu anapenda nini.

Majani makavu ya mwarobaini chini ya mkeka sina ugomvi nayo. Yanapunguza kidogo, hayamalizi. Mafuta yake mazito ya kukamua, hayo nayo usimpake paka.

Katika vitu vya nyumbani, kinachofanya kazi bila maneno mengi ni sabuni. Kiroboto hukaa juu ya maji bila kuzama, na sabuni inaondoa nguvu hiyo ya uso wa maji. Ndiyo maana ukimchana paka, weka bakuli la maji ya sabuni pembeni na uchovye chanuo humo. Ukitaka kumwua kwa kucha ataruka kabla hujambana.

"Vitoto vya paka vimedhoofika, havinyonyi"

Funua mdomo uangalie fizi. Zikiwa za waridi, una muda. Zikiwa nyeupe kama karatasi, huna. Viroboto wanaweza kumaliza damu ya kitoto cha wiki tatu, na huyo ni wa daktari siku ile ile.

Kitoto cha chini ya wiki 8 usimtie dawa ya matone ya wakubwa. Muogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Anza kwa kumfanyia duara la povu shingoni, kabla ya kurowesha mwili, la sivyo viroboto wote watakimbilia usoni, machoni na puani. Liache povu dakika tano hivi, suuza, kaushe mara moja kwa taulo, mrudishe kifuani kwa mama yake. Kitoto kilichorowa kinaweza kufa kwa baridi hata Pemba, hata mwezi wa Februari. Kisha mchane kila siku. Na mama yao ndiye wa kutiwa dawa, inayofaa kwa anayenyonyesha. Uliza kabla hujanunua.

"Paka mmoja hana shida, mwengine manyoya yamemtoka kiunoni"

Wote wanaumwa na viroboto. Huyu mwili wake unakataa mate ya kiroboto. Kwa paka wa namna hiyo kuumwa mara chache tu kunatosha kumkunisha wiki nzima, manyoya yakatoka kiunoni na shina la mkia, na vidonda vikafanya ugaga. Usipime tatizo lake kwa idadi ya viroboto. Yeye asikose dawa hata mwezi mmoja, na vidonda vikitoa maji amuone daktari.

"Vitone vyeusi pembeni mwa masikio, havitembei wala havitoki"

Unafuga kuku? Basi huyo ni kiroboto wa kuku, wa aina nyengine. Yeye hushindilia mdomo kwenye ngozi akatulia pahala pamoja kwa siku nyingi. Kwa kuku utamkuta kwenye upanga na kuzunguka macho. Kwa paka anayelala bandani, kwenye ukingo wa masikio. Usiwang'oe kwa nguvu. Dawa ya matone inawaua, lakini usipokwangua udongo wa banda na kuuanika, watarudi.

"Punje kama za mchele kwenye mkia"

Ni vipande vya tegu. Buu wa kiroboto humeza mayai ya tegu, kiroboto akikua anakuwa naye tumboni, paka anajilamba, anammeza. Dawa iitwayo prazikwanteli inamtoa, kwa kipimo cha uzito wa paka. Viroboto wakibaki, tegu atarudi. Mtoto mdogo anayetambaa sakafuni akimeza kiroboto anaweza kumpata tegu huyo huyo, kwa hiyo mikono ioshwe.

"Paka hana kitu, nimempima, lakini sisi tunaumwa"

Angalia mnaumwa wapi na saa ngapi. Kiroboto anaruka sentimita 20 hivi kwenda juu, kwa hiyo alama zake ziko vifundoni na mundini, mbili tatu zimefuatana, mchana au usiku. Mkiamka na alama mgongoni na mikononi, zimejipanga, pindua godoro mtafute kunguni kwenye mishono. Mbu hachagui.

Kama ni vifundoni kweli na paka ni safi, toka nje. Kiroboto huyu huyu wa paka hukaa kwa mbuzi pia, na banda la mbuzi lenye samadi na kivuli ni kitalu chake. Anayekwenda kuwafungulia asubuhi anawaleta ndani kwenye pindo la kanga au suruali. Panya wa darini nao wana wao. Kule mashamba, mbwa wa wasasi wanaoshinda msituni na kulala chini ya mwembe huwaacha viroboto pale pale wanapolala. Mbwa hao aghalabu hawana anayewaangalia kati ya msako na msako, na wao ndio wepesi kutibu, maana dawa za mbwa ni nyingi na madukani zinapatikana kuliko za paka.

Nitajuaje wamekwisha?

Chukua soksi nyeupe ndefu, zile za skuli. Vaa mpaka magotini, pita taratibu kila chumba, ukae kidogo nyuma ya milango na karibu na kitanda. Vitone vyeusi vitaonekana vikipanda. Mimi nafanya kila Jumamosi asubuhi kabla ya kufagia, naandika idadi kwenye kalenda ya ukutani. Baada ya ile arusi Jumamosi ya kwanza nilihesabu 31. Ya pili 40, nikataka kulia. Ya tatu 17, kisha 6, kisha 2. Wiki tatu mfululizo za sifuri ndipo nilipoyarudisha majamvi kwenye chumba cha akiba, safari hii juu ya rafu, na mlango nimeutia komeo. Kidoti alikaa nje ya mlango ule akilia siku nne, kisha akahamia kwenye kikapu cha nguo chafu, ambacho angalau kinafuliwa.